Mwamvita binti Abbasi, Aliyedai Daraja

Assalaamu alaykum, mashehe wetu, majirani zetu wa Isevya, jamaa mliotoka Ntalikwa na Isikizya kwa miguu, na ninyi viongozi mliokuja na gari mkaliacha ng'ambo ya korongo kwa kuwa hapana pa kulipitisha. Mimi ni Shomari Abbasi, mdogo wake marehemu wa tumbo moja. Ukoo umenitaka nisome maisha yake kabla jeneza halijainuliwa. Nilifanya kazi reli miaka mingi na nimezoea kusema mambo kwa kifupi, lakini leo mtanivumilia. Haya nimeyaandika jana jioni na leo asubuhi nikiwa na hasira, na sikupata muda wa kuyalainisha.

Dada yetu alizaliwa hapahapa Isevya, Ijumaa tarehe 11 Novemba 1921, mwezi wa Mfungo Sita, mtoto wa kwanza wa Mzee Abbasi Lugembe na Bi Amne. Babu yetu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kichwani kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na huko njiani, katika nchi ya Wazaramo, ndiko Wanyamwezi na Wazaramo walikoanza utani ambao tunao hadi leo. Kwa wageni wasioijua desturi hii, mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkweo, kukuvua kofia barabarani, kuja msibani kwako akavaa nguo za marehemu na kulizuia jeneza mpaka apewe kitu, nawe huna ruhusa ya kununa. Na lile alilolisema mtani katika utani halidaiwi. Naomba mlikumbuke hilo la mwisho, maana ndilo lililotuumiza.

Elimu yake ya kwanza aliipata chuoni, akahitimu Kurani akiwa bado binti mdogo. Shule ya serikali hakupelekwa. Baba alisema msichana akijua kusali na kupika inatosha, na siku hizo hakuna aliyembishia. Herufi za kizungu alijifunza ukubwani, katika darasa la watu wazima, mwaka 1970. Alikuwa na sababu yake. Alichoka kuwauliza makarani mlango upi ni wa nani. Siku ya kwanza aliyoweza kusoma peke yake kibao cha mlango wa ofisi, alirudi nyumbani anacheka huku machozi yanamtoka. Akaniambia, "Shomari, nimehangaika na kalamu miezi yote hii, na unajua nimesoma nini? 'Njoo kesho.' Si ndiyo niliyokuwa naambiwa bure kwa mdomo?"

Kazi yake ilikuwa biashara ndogo sokoni. Aliuza karanga, asali ya msituni, na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo watu wa reli walivinunua kwa safari ndefu. Aliolewa mwaka 1938 na marehemu Mabruki, fundi viatu, mtu mpole asiyejua kugombana hata na kuku. Walijaliwa watoto watatu: Hamdun, Maua na kitinda mimba wao Batuli. Mabruki alifariki Julai 1971. Dada alisema siku ile, na aliyekuwapo atakumbuka, "Alhamdulillahi, amekufa kiangazi." Wageni walishangaa. Sisi wa ng'ambo hii tulimwelewa.

Sasa nifike kwenye korongo.

Ukisimama mlangoni hapa unaliona paa la hospitali. Kiangazi unafika huko kabla jasho halijakutoka. Lakini masika, korongo lililo katikati linajaa, na mtaa mzima unabaki upande huu na hospitali upande ule. Makaburi yetu nayo yako upande ule. Jumapili tarehe 18 Februari 1962, taifa letu likiwa na umri wa miezi miwili, Batuli aliamka na homa kali, hamtambui hata mama yake. Jirani yetu Mzee Ngollo alitoa kitanda chake cha kamba, mtoto akalazwa juu yake, wanaume wakambeba mpaka ukingoni. Maji yalikuwa yanapita na magogo. Wakasimama. Dada alikuwa anamfunika mtoto kwa khanga yake, anamwambia, "Yanapungua mwanangu, tazama, yanapungua." Yalipopungua kweli, hapakuwa tena na wa kuvushwa.

Mtoto yule alikuwa na miaka sita. Ningekuwa na uwezo ningeishia hapa na kukaa chini.

Hitima ya Batuli ilisomwa uani kwetu, na baada ya dua dada alisimama mbele ya wanawake wa chama cha kuzikana. Chama hicho mnakijua. Kila mtaa wa Waswahili hapa Tabora unacho: mwenye kufiwa anapelekewa unga, kuni, mikeka na watu wa kulala naye matangani. Akasema, "Jamani, kuzikana tunajua. Sanda ipo, waoshaji wapo, wapishi wapo. Na mgonjwa je, tumemwekea nini? Au tunamngoja afe ndipo tujitokeze?"

Bi Zeyana binti Hilali, mwenye duka la kona, ambaye yuko ndani humo sasa hivi amemshika miguu marehemu na hataki kumwachia, ndiye aliyejibu. "Basi sema tufanye nini, Mwamvita. Tumeshalia vya kutosha."

"Tuwe chama cha kuvushana," akasema dada.

Ndivyo ilivyoanza. Kila Ijumaa baada ya Alasiri walikutana barazani kwa Bi Zeyana, Waarabu kwa Wanyamwezi kwa Wamanyema, wenye duka na wasio na kitu, wakaulizana mtaa unataka nini na nani wa kuulizwa. Wanaume tulicheka kwanza. Baadaye tukaanza kusogeza viti. Walichokibuni wanawake wale sijakiona mahali pengine. Hawakuandamana wala hawakupiga kelele. Walivaa khanga za msiba, wakabeba mikeka, wakaenda kukaa matanga mbele ya ofisi. Walinyoosha miguu, wakafunika vichwa, kimya. Karani wa kwanza aliyetoka nje alivua kofia kwa heshima.

"Shikamooni mama zangu. Poleni sana. Nani amefariki?"

"Marahaba, mwanangu," dada akamjibu. "Bado hajafa mtu. Tumewahi tu."

Askari aliitwa, akafika, akatazama, akashindwa. Nani atamfukuza mtu matangani? Kwa matanga hayo tulipata bomba la maji mwaka 1965, lile la karibu na msikiti ambalo nyote mmetawadhia leo. Ndiyo maana tulianza kuamini. Ubaya wa kushinda mara moja ni kwamba unadhani umeshaijua njia.

Mwaka 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, mtaani kwetu alifika ofisa mpya wa maendeleo, Bwana Shaban Kondo, Mzaramo. Alikuja kuhutubia habari za kujitegemea. Dada aliposikia kabila lake alipiga vigelegele. Alisema Mungu amemletea mtani. Maana ofisa mwingine ukimbana anakwambia unapinga maendeleo, lakini mtani umwambie nini akasirike?

Alimngoja amalize hotuba, akasimama. "Wewe Mzaramo, babu yangu alipita kwenu na pembe kichwani mkamwibia hata ngata. Leo umekuja kutufundisha kujitegemea?"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Kondo naye hakuwa nyuma. "Na nyinyi mlitumalizia mihogo yetu mpaka leo shamba la babu yangu halijapona!"

"Basi mgonjwa wetu wewe, umevimbiwa mihogo. Mkamateni!"

Wakamkamata. Wakamlaza kwenye kile kitanda cha kamba cha Mzee Ngollo, wakambeba na suti yake mpaka korongoni, wanawake nyuma wanamlilia kilio cha utani, "Uwi, Mzaramo anatufia, hospitali ile tunaiona, tutamvushaje?" Ulikuwa mwezi wa Machi. Walishuka naye majini mpaka maji yakaanza kulowesha mgongo wake. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Akapiga kelele, "Nitoeni! Nitoeni, Wanyamwezi nyie! Daraja nitawajengea! Kabla ya masika mengine, wallahi!"

Siku ile Isevya haikulala na njaa wala huzuni. Kila mtu alipika. Dada alikaa barazani na Bi Zeyana, naye dada akamwambia, "Batuli wangu amepata daraja."

Masika mengine yalikuja bila daraja. Dada na Bi Zeyana walikwenda ofisini kwa Bwana Kondo, wakabisha hodi kwa adabu. Aliwakaribisha vizuri, akawaagizia chai. Dada akamkumbusha. Bwana Kondo akaweka kikombe chini, akamtazama, na nasema hili bila kumsingizia, kwa kuwa mwenyewe yupo hapa leo. Alishangaa kweli. "Bi Mwamvita," akasema, "yale ya korongoni si yalikuwa utani? Mtani anadaiwa?"

Desturi ni yetu, na dada aliijua kuliko yeye. Angeng'ang'ania, angekuwa ameuvunja utani wa babu na babu mbele ya mtaa mzima. Alitoka pale akafika nyumbani na kukaa sakafuni. Akasema, "Nimejifunga kwa kamba yangu mwenyewe, Shomari. Ningekwenda kwake na kilio changu, angenikatalia au angenikubalia. Nimekwenda na kicheko, na nimerudishiwa kicheko."

Toka siku hiyo hakumtania tena Bwana Kondo. Akikutana naye barabarani alikuwa anainama na kusema, "Shikamoo, mheshimiwa." Ninyi mnaojua utani mnajua hilo linavyouma kuliko tusi.

Hakukata tamaa, na wakati mwingine nilitamani angekata. Alisema labda tumeomba mno na hatujatoa kitu. Kuanzia mwaka 1968 wanawake wakawa wanabeba mawe kutoka mlimani kila Jumamosi, wanayamwaga ukingoni. Mawe tunayo, wakasema. Tuleteeni saruji na makalavati tu. Lundo likapanda likazidi kimo cha mtu. Wakaenda tena kukaa matanga ofisini, lakini safari hii makarani walishawazoea. Walipita katikati ya mikeka wakiwasalimu. Kila ofisi ilisema tuwaone wahusika, na wahusika kila siku walikuwa wa ofisi nyingine. Mwaka 1972 walikuja wapimaji. Walikuja mwezi wa Agosti. Wakakuta mchanga mkavu na mbuzi wa Mzee Ngollo wamelala humo, wakaandika kwamba mahali hapo hapana mto. Dada aliwakimbilia, akawaleta mpaka penye michirizi ya maji iliyo kwenye ukuta wa nyumba yake, anawaonyesha kwa kidole, "Tazameni, wanangu, yalifika hapa." Wakamwambia, "Bibi, sisi tunapima tunachokiona."

Ikaja Operesheni Vijiji, 1974. Nyumba za bondeni zikahamishwa kwenda kijiji kipya upande wa Isikizya, pamoja na mtoto wake Maua na mumewe, na nusu ya wanawake wa Ijumaa. Baraza la Bi Zeyana likabaki na vigoda vitupu. Wiki ile ile likaja lori kuchukua mawe. Tuliambiwa yanakwenda kujenga zahanati huko kijijini. Vijana walitaka kulala mbele ya lori, dada akawakataza. "Acheni yaende," akasema. "Yakijenga zahanati kwa Maua, hayajatoka mikononi mwangu."

Mwaka uliofuata alikwenda kumtembelea Maua. Akayakuta mawe yake yamemwagwa kando ya barabara, nyasi zimeota juu, manyigu yamejenga ndani. Hapakuwa na zahanati. Maua anasema mama yake alikaa juu ya jiwe moja, akala matobolwa yake mpaka yakaisha, akaomba aletewe maji ya kunywa, akarudi mjini.

Baada ya safari hiyo nguvu zilimwisha. Miguu ilianza kuvimba mwezi wa Novemba mwaka jana, pumzi ikawa fupi, na daktari akasema ni moyo. Alipewa dawa na kuambiwa ahudhurie kila wiki. Korongo likiwa bado kavu alihudhuria. Zilipoanza mvua za Januari alihudhuria wiki ambazo korongo liliruhusu.

Jana, Jumamosi tarehe 12 Machi 1977, baada ya chai ya asubuhi, pumzi ilimbana. Hamdun alikimbilia kwa Mzee Ngollo. Mzee Ngollo sasa haoni vizuri, lakini kitanda kile cha kamba bado anacho, ameshakisuka upya mara nyingi. Tukamlaza dada juu yake, tukambeba. Mimi nilishika upande wa kichwa. Tulipofika ukingoni maji yalikuwa yamejaa kama yale ya Batuli. Vijana wakavua mashati, wakasema wanamvusha, liwalo na liwe. Dada akainua mkono.

"Msiingie," akasema. "Maji haya nayajua. Mama zenu wananijua mimi, watanidai."

Hamdun akalia, "Mama, yanapungua, tungoje kidogo, yanapungua."

Dada alimtazama mwanawe. Nilimwona anavyomtazama. Maneno hayo yalikuwa yake. Akatabasamu kidogo, akamshika mkono, akasema, "Ndiyo, mwanangu. Yanapungua." Kisha akageukia kwangu na kusema kwa sauti ndogo, "Mwambie mtani wangu, safari hii sikutania." Tulimlakinisha shahada akaitamka. Roho ikamtoka palepale, mahali ambapo mwanawe alitokwa na roho miaka kumi na mitano iliyopita, na paa la hospitali tunaliona.

Sina la kuwafariji nalo, ndugu zangu. Wengine watasimama hapa kusema kazi yake haikupotea bure. Mimi dada yangu alikufa ukingoni akidai kitu kile kile alichokidai nywele zake zikiwa nyeusi, na anazikwa hakijapatikana. Bomba lipo, nashukuru. Daraja hakuna, na mawe hayapo, na nusu ya watu waliojua kukaa matanga ya walio hai wametawanywa. Sijui nani atavaa khanga aende ofisini keshokutwa. Bi Zeyana alikuwa akisema ataenda. Tangu jana hajatoka humo ndani.

Marehemu ameacha watoto wawili, Hamdun na Maua. Wajukuu, akiwamo Batuli mdogo binti Maua aliyepewa jina la mama yake mdogo. Mdogo wake mmoja, ambaye ni mimi. Shoga yake wa maisha, Bi Zeyana. Na mtaa wa Isevya, ambao haujavuka.

Ameacha pia mtani mmoja. Bwana Shaban Kondo alistaafu, akajenga hapahapa Tabora, na leo alfajiri alifika msibani kabla ya wengi wetu. Watu walimngoja. Kwa desturi leo ni siku yake. Angeingia na khanga ya marehemu kiunoni, aige mwendo wake, atudai, atutukane, atuchekeshe tusahau. Hakufanya. Amekaa pale ukutani, amevua kofia, hajamtania mtu.

Bwana Kondo, salamu za dada nimekwisha kuzifikisha. Una haki ya kulizuia jeneza, na ukoo hautakukataza. Lakini tunakuomba usilizuie, na usituahidi kitu. Ahadi zako zimetutosha. Njoo ushike mguu wa mbele, hapa mkabala nami. Maji yameshuka mpaka magotini, tutapita. Ile siku ulilala wewe tukakubeba tukicheka. Leo amelala yeye. Ukifika katikati, maji yakikuingia viatuni, usiharakishe. Na ninyi waheshimiwa mlioacha gari ng'ambo, njia ya kulirudia ni hii hii. Vueni viatu, mpokezane nasi.

Mashehe, tuko tayari. Mwenyezi Mungu amsamehe dada yetu Mwamvita, amkutanishe na Batuli wake, na amlaze mahali pema, pakavu. Amin.